Sura ya Tano: Lami Inapopita Mlangoni

Kabla jua halijapanda juu ya msitu wa Nyungwe, barabara za wilaya ya Rusizi, nchini Rwanda, zimekwisha kujaa miguu. Watoto wa shule wanatangulia, madaftari kwapani, wakubwa wamewashika wadogo mkono. Nyuma yao wanakuja akina mama wenye vikapu kichwani, wagonjwa na ndugu zao wanaowahi foleni ya hospitali, na vijana wanaosukuma baiskeli zilizobebeshwa mikungu ya ndizi mpaka gurudumu la nyuma halionekani. Pikipiki zinapenya katikati yao, motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, na kofia yake, abiria na yake. Kisha honi inalia konani, kila mtu anajibana pembeni, na lori linapita na upepo wake unaopeperusha vitenge.

Kila mtu anajibana pembeni. Lakini pembeni ni wapi?

Kwenye barabara nyingi za vilima vya Rwanda, upande mmoja pana ukuta wa udongo uliokatwa mlimani, na upande wa pili pana mtaro wa mawe. Mtaro huo ni wa lazima, kwa sababu mvua za magharibi mwa nchi ni kubwa na barabara isiyo na mtaro haimalizi misimu miwili. Kati ya mtaro na lami kuna kipande cha ardhi. Mahali pengine kinatosha watu wawili kupishana, mahali pengine kinatosha unyayo mmoja tu. Mama mwenye kikapu akikutana na kijana mwenye baiskeli, mmoja wao hana budi kukanyaga lami, na anaikanyaga akiwa ameyapa magari mgongo. Huo si uzembe wa mama wala wa kijana. Mhandisi aliyechora barabara aliyapimia maji njia yao na magari njia yao, na waliobaki wakaachiwa masalio.

Mibirizi ni kilima katika sekta ya Gashonga, wilaya ya Rusizi, sehemu ambayo watu wazima wengi bado wanaiita Cyangugu. Wamisionari wa Afrika, wale walioitwa Mapadri Weupe, walianzisha parokia hapo mwaka 1903. Katika miaka ya mwanzo ya karne hiyo miche ya kahawa ilipandwa misheni, na aina mojawapo ya kahawa ya Rwanda inaitwa Mibirizi hadi leo. Hospitali nayo ipo, na inahudumia wagonjwa wa vilima vingi vya wilaya. Misa, matibabu na masomo vyote vinavuta watu kutoka pande zote, na wengi wao wanafika kwa miguu. Msimu wa kahawa unapoanza, mnamo mwezi wa tatu, wanaongezeka njiani wenye ndoo na magunia ya buni mbivu wakiwahi vituo vya kuoshea kabla hazijaharibika.

Kwa hiyo mtu akitaka kuelewa usalama wa waendao kwa miguu, kilima kama hiki ni mahali pazuri pa kuanzia. Wengi wa watumiaji wa barabara hapa hawana gari wala pikipiki. Wana miguu.

Barabara iliyogeuka kuwa ua

Zamani familia ya Rwanda ilikaa peke yake kwenye mteremko wa kilima, nyumba ikiwa katikati ya migomba, na jirani alikuwa mtu wa kumwita kwa sauti kutoka ng'ambo ya bonde. Mwishoni mwa mwaka 1996, nchi ikiwa imetoka kwenye mauaji ya kimbari na mamia ya maelfu ya wakimbizi wakirejea, serikali ilipitisha sera ya makazi ya pamoja, imidugudu. Hoja yake ilikuwa wazi: watu wakikaa karibu karibu ni rahisi kuwafikishia maji, umeme, shule na zahanati. Na kwa kuwa huduma hizo hufuata barabara, vijiji vingi vilipangwa kando ya barabara.

Faida zake zinaonekana, lakini jambo jingine lilitokea polepole bila kutangazwa. Barabara ambayo kazi yake ilikuwa kuunganisha mji na mji ikawa pia ua wa nyumba. Mtoto akitoka mlangoni hatua kumi yuko barabarani. Muuza nyanya anapanga mafungu yake pale pale kwa sababu ndipo wateja wanapopita. Watu wanasimama kusalimiana, na salamu za Kinyarwanda, kama za Kiswahili, haziishi kwa neno moja. Majumba, maduka na watu walisogea barabarani, huku barabara yenyewe ikibaki kama ilivyochorwa kwa ajili ya wasafiri wa mbali.

Lami inapowekwa kwenye njia iliyokuwa ya vumbi, furaha huwa kubwa, na ni haki iwe kubwa: mama mjamzito anafika hospitali mapema na mazao yanafika sokoni kabla ya kuoza. Lakini mashimo na makorongo ya jana yalikuwa yakifanya kazi moja bila kulipwa, nayo ni kuwapunguzia magari mwendo. Siku yakifukiwa, kazi hiyo inabaki bila mtu wa kuifanya. Gari lililokuwa likijikongoja kwa kilomita 25 kwa saa linaweza kupita mlango ule ule kwa 60, na mtoto aliyezoea kuvuka akihesabu mwendo wa jana anavuka kwa hesabu ile ile.

Mteremko wa Bugarama

Rusizi ina sababu ya ziada ya kuwa makini. Kamembe, mji mkuu wa wilaya, uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukishuka kusini kuelekea uwanda wa Bugarama unakaribia mto Rusizi, na kingo za mto huo, kwenye mita 950 hivi, ndizo sehemu ya chini kuliko zote nchini Rwanda. Tofauti hiyo ya zaidi ya mita 500 barabara inaimaliza kwa kona na miteremko.

Chini uwandani kuna mashamba ya mpunga, kuna mpaka wa Burundi na wa Kongo, na kuna kiwanda cha saruji cha Cimerwa kilichoanza uzalishaji mwaka 1984. Saruji hupanda ikiwa imejaa kwenye malori, na malori matupu hushuka. Juu, upande wa Kamembe, kuna madaraja ya kuvukia kwenda Bukavu, mji mkubwa ambao sehemu ya shehena zake hutoka bandari ya Dar es Salaam, hukatiza Tanzania nzima, huingia Rwanda kwa Rusumo, kisha hupita katikati ya Nyungwe. Dereva anayefika Rusizi na shehena hiyo ameshakuwa njiani siku kadhaa.

Na ameshahama upande. Tanzania, Kenya na Uganda magari hupita kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo hupita kulia. Lori la Kitanzania lina usukani kulia, kwa hiyo likiwa Rwanda dereva wake amekaa upande wa mtaro. Akitaka kulipita lori jingine hawezi kuona mbele mpaka atoe karibu gari zima katikati ya barabara. Na upande wake wa kushoto, ambao ndio upande wa katikati, una eneo kubwa ambalo kioo hakilifikii. Mtu anayevuka kutoka upande huo anamwona dereva vizuri kabisa na kudhani kwamba dereva naye anamwona.

Mgeni kutoka Mwanza au Mombasa ana hatari ya namna yake. Tangu utotoni amefundishwa kutazama kulia kwanza. Kamembe, gari la kwanza litakalomfikia akishuka kwenye ukingo linatoka kushoto, na shingo iliyozoea miaka 30 haibadiliki kwa kupigiwa muhuri wa pasipoti. Njia salama ni kutazama kushoto, kulia, kisha kushoto tena, na kutembea upande wa kushoto wa barabara ili magari ya upande huo yaje yakimkabili uso kwa uso. Yanayomfuata nyuma yatakuwa ng'ambo ya pili.

Hatua 17 na hatua 37

Mwalimu yeyote mwenye chaki na kipande cha barabara kisicho na magari anaweza kuonyesha jambo ambalo maneno hayalifikishi. Achore mstari mmoja na kumsimamisha mwanafunzi juu yake: hapo ndipo dereva anapoona mtoto akiingia barabarani. Kisha ahesabu hatua za mtu mzima.

Dereva anayekwenda kilomita 30 kwa saa anasafiri mita 8 hivi katika ile sekunde moja ya kushtuka na kuhamisha mguu kwenda kwenye breki. Breki zikishika vizuri, lami ikiwa kavu, anahitaji mita 5 nyingine. Jumla ni mita 13, karibu hatua 17. Dereva wa kilomita 50 anahitaji mita 28, yaani hatua 37. Wa kilomita 60 anahitaji mita 37, ambazo ni hatua zinazokaribia 50.

Sasa mwalimu arudi kwenye alama ya hatua ya 17 na kumweka mtoto pale. Dereva wa kilomita 30 amesimama mbele yake, bampa ikikaribia kumgusa. Dereva wa kilomita 50 bado yuko ndani ya ile sekunde ya kwanza. Mguu wake haujagusa hata breki. Anampiga mtoto kwa mwendo wake wote. Tofauti ya kilomita 20, ambayo dereva anaiona ndogo sana kwenye kioo cha mwendo, ndiyo tofauti kati ya kufoka kwa hasira na kuchimba kaburi. Na hesabu hiyo ni ya gari dogo lenye breki nzuri kwenye tambarare. Lori lililojaa, kwenye mteremko, mvua ikinyesha, lina hesabu kali zaidi.

Shirika la Afya Duniani lina kanuni ambayo kila halmashauri ingefaa kuiandika ukutani: mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, uwezekano wa ajali za vifo unapanda kwa asilimia 4 hivi. Ndiyo maana Azimio la Stockholm la Februari 2020, lililotokana na mkutano wa mawaziri wa nchi nyingi, lilitaka kikomo cha kilomita 30 kwa saa mahali ambapo watu na magari wanachanganyika. Mlango wa nyumba ya Mibirizi unaofunguka barabarani ni mahali pa namna hiyo kwa kipimo chochote.

Watoto wana shida nyingine isiyoonekana. Watafiti wa Royal Holloway, chuo kimojawapo cha Chuo Kikuu cha London, walichapisha mwaka 2011 matokeo ya kupima jinsi macho ya watoto wa shule za msingi yanavyotambua gari linalosogea. Waligundua kwamba gari likizidi kilomita 32 hivi kwa saa, watoto hawawezi kuutambua mwendo wake sawasawa. Kadiri linavyokwenda kasi ndivyo wanavyoweza kuliona kama limesimama. Mzazi anayemwambia mtoto wa darasa la pili "angalia vizuri kabla ya kuvuka" anafanya wajibu wake, lakini anamwomba mtoto kitu ambacho ubongo wake bado haujakomaa kukifanya.

Giza la saa kumi na mbili

Rwanda iko chini kidogo ya ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua linazama mnamo saa kumi na mbili jioni, na likizama giza halichelewi. Saa hiyo hiyo wafanyakazi wanarudi, wanafunzi wa sekondari wanatawanyika, na akina mama wanatoka sokoni na vilivyobaki. Saa ya watu wengi barabarani inakutana na saa ya macho dhaifu.

Dereva anayeshuka na taa fupi anaona kipande cha lami mbele yake na sio zaidi. Sweta ya buluu iliyokolea, kitenge cha kahawia, ngozi nyeusi, vyote vinamezwa na usiku mpaka gari likaribie mno. Kanga nyeupe begani, mfuko mweupe mkononi au kurunzi ya simu iliyoelekezwa chini humfanya mtu aonekane mapema zaidi, na utepe unaoakisi mwanga ukishonwa kwenye begi la mtoto humwonyesha kutoka mbali sana. Utepe wa namna hiyo ndio unaong'aa kwenye fulana za motari usiku, kwa hiyo hakuna asiyeufahamu. Ungekuwa kwenye kila begi la shule ungefanya kazi kila jioni bila betri.

Nani mzembe?

Agosti 17, 1896, Bridget Driscoll, mama wa miaka 44, alikuwa akitembea na binti yake na rafiki katika viwanja vya Crystal Palace, London, walipokutana na gari la maonyesho. Dereva alidai alikuwa akienda kilomita zipatazo 6 kwa saa. Driscoll aligongwa akafa, na ndiye mtembea kwa miguu wa kwanza nchini Uingereza anayejulikana kuuawa na gari la injini. Uchunguzi ukaamua ni ajali tu. Afisa aliyeusimamia alieleza tumaini lake kwamba jambo kama hilo lisitokee tena.

Mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa Desemba 2023, na asilimia 23 yao walikuwa wakitembea kwa miguu. Ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa kati ya miaka 5 na 29. Afrika, yenye asilimia 15 ya watu wote na asilimia 3 tu ya magari, ilibeba asilimia 19 ya vifo hivyo. Ripoti hiyo hiyo ilieleza kwamba asilimia 80 ya barabara za dunia hazifikii kiwango cha chini cha usalama kwa waendao kwa miguu.

Hata hivyo ajali ikitokea, swali la kwanza linaloulizwa karibu kila mahali ni marehemu alikuwa akifanya nini barabarani. Alikimbia ghafla. Hakupita kwenye zebra. Alikuwa na simu sikioni. Pengine ni kweli. Ila swali la pili ni nadra kuulizwa: zebra ya karibu ilikuwa umbali gani, na mama mwenye dumu la lita 20 kichwani angeifikia kwa kupita wapi? Binadamu hukosea, mtoto hukosea zaidi, na mlevi hukosea kila Jumamosi. Sweden iliingiza jambo hilo kwenye sera yake ya mwaka 1997, iliyosema kwamba barabara lazima ijengwe ikijua kuwa watu watakosea, na kwamba kosa la kawaida lisilipwe kwa maisha. Mwaka 2019 Oslo, mji mkuu wa Norway, ulimaliza mwaka mzima bila mtembea kwa miguu hata mmoja kuuawa barabarani. Watu wa Oslo nao hukosea. Magari yao yalikuwa yamepunguziwa mwendo na nafasi.

Lango lililohamishwa

Msomaji anaweza kusema Norway ni nchi ya mafuta na fedha. Basi atazame Dar es Salaam.

Shirika lisilo la kiserikali la Amend lilianza kazi yake jijini humo kwa kuchagua shule za msingi ambazo wanafunzi wake waligongwa mara kwa mara. Mradi wake unajulikana kwa kifupi cha SARSAI, na mbinu yake haina siri. Watu wanakwenda shuleni, wanaongea na walimu na watoto, wanatembea nao njia wanazopita, wanapima mwendo wa magari, na wanaandika kila mahali ambapo mtoto analazimika kukanyaga njia ya magari. Kisha wanajenga vitu vidogo: matuta, njia ya miguu iliyotengwa, zebra, vibao, vizuizi vifupi vinavyozuia bodaboda na magari kupanda njia ya watoto.

Fikiria lango la shule linalofunguka moja kwa moja kwenye barabara kubwa. Kengele ya kutoka ikilia, mamia ya watoto wanamiminika kwa pamoja, wa nyuma wakiwasukuma wa mbele, na wa mbele wanajikuta kwenye lami kabla hawajageuza kichwa. Mahali kama hapo dawa inaweza kuwa kulifunga lango hilo na kufungua jingine kwenye uchochoro wa upande wa pili. Mafundi wanavunja ukuta, wanasimamisha nguzo mbili, wanafunga geti. Kesho yake kundi lile lile linamiminika kwa kelele zile zile, lakini linamiminikia mahali pasipo na daladala.

Matokeo yalipimwa kwa kulinganisha shule zilizoboreshwa na zile ambazo zilikuwa bado. Majeraha ya barabarani kwa watoto yalipungua kwa asilimia 26, na mwendo wa magari kwenye baadhi ya maeneo ulishuka hadi kwa asilimia 60. Mwaka 2019 mradi huo ulishinda tuzo ya kwanza kabisa ya miji ya taasisi ya WRI, yenye thamani ya dola 250,000, na mbinu yake imepelekwa nchi nyingine za Afrika.

Dodani na mwendo

Rwanda nayo haikukaa kimya. Mwaka 2015 amri ya rais ilitaka magari ya kubeba abiria na malori yafungwe vidhibiti mwendo visivyoruhusu kuzidi kilomita 60 kwa saa. Mei 2019 polisi walizindua kampeni ya Gerayo Amahoro, maneno ya Kinyarwanda ya kumtakia mtu afike kwa amani, na wakaipeleka shuleni, vituo vya mabasi, makanisani na misikitini. Ilisitishwa wakati wa korona, ikarudi Desemba 2022. Kamera za mwendo zimeenea kwenye barabara kuu, na madereva wanazifahamu zilipo kama wanavyoifahamu mifuko yao.

Lakini 60 ni mwendo wa barabara kuu. Mbele ya mlango wa nyumba ni mwingi mno, na kidhibiti hakijui mlango ulipo. Kinachojua ni tuta, ambalo Wanyarwanda wengi wanaliita dodani, jina lililotoka kwenye Kifaransa.

Tuta lina sifa mbaya kwa sababu mara nyingi hujengwa vibaya. Wananchi wakishamzika mtoto hufunga barabara kwa mawe na kudai tuta, na linapojengwa kwa hasira huwa fupi, lenye ncha kali, bila rangi wala kibao. Linavunja springi za gari la wagonjwa na kumrusha mwendesha pikipiki asiyelijua usiku. Tuta zuri ni pana: urefu wake kufuata njia ya gari unakaribia mita 4, na kimo hakizidi sentimita 10. Gari linalokwenda 30 linalipanda kama mashua inavyopanda wimbi, na linalokwenda 60 linaadhibiwa. Likitanguliwa na kibao, likapakwa rangi, na mgongo wake ukasawazishwa na kuchorwa zebra juu yake, linakuwa kivuko kilichoinuliwa: dereva anapunguza mwendo kwa sababu ya gari lake, na mtoto anavuka akiwa juu kidogo, anaonekana. Zebra peke yake, bila tuta, ni rangi tu kwa dereva mwenye haraka.

Ajali ikitokea licha ya yote hayo, dakika za mwanzo zina uzito. Nchini Rwanda namba ya polisi ya ajali za barabarani ni 113, na ya gari la wagonjwa ni 912. Zote zinafaa kuandikwa kwenye mlango wa kila duka la kando ya barabara. Majeruhi asinyanyuliwe kwa mikono na miguu na kutupwa nyuma ya gari dogo, kwa kuwa shingo au mgongo uliovunjika unaweza kumpoozesha kwa kunyanyuliwa hivyo. Asipewe maji. Damu inayotoka izuiwe kwa kitambaa safi kilichobanwa kwa nguvu. Na aliyegongwa na gari lililokimbia bila kujulikana hajakosa haki: Rwanda ina Mfuko Maalumu wa Dhamana, unaofahamika kwa herufi SGF, ambao kazi yake mojawapo ni kuwafidia watu wa namna hiyo. Familia nyingi hazijui kuwa upo.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi

Kila Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa mbili hadi saa tano asubuhi, Rwanda inafanya umuganda. Wenye umri wa miaka 18 hadi 65 wanatoka na majembe, mapanga na makarai. Wanafyeka, wanazibua mitaro, wanajenga nyumba ya asiyejiweza. Baada ya kazi wanakaa chini, na viongozi wa umudugudu wanaendesha mkutano.

Saa hizo tatu zinatosha kwa mengi ambayo hayahitaji ruhusa ya Kigali. Mtaro unaweza kuwekewa vibao au mawe ya kuvukia kila baada ya nyumba chache, ili anayejibana pembeni awe na pa kukanyaga. Majani marefu ya konani yanaweza kufyekwa ili dereva na mtoto waonane hatua 40 kabla. Njia ya miguu inaweza kuchimbwa ng'ambo ya mtaro, juu kidogo ya barabara, upana wa watu wawili na baiskeli. Meza za nyanya zinaweza kurudishwa nyuma mita tatu, kwa makubaliano na wauzaji wenyewe, kwa kuwa mteja wa miguu atawafuata huko.

Matuta na zebra za barabara kuu ni kazi ya wakala wa taifa wa usafirishaji, RTDA, na barabara nyingine ziko chini ya wilaya. Huko ombi linakwenda kwa maandishi, na ombi lenye namba husomwa tofauti na malalamiko. Kwa hiyo kabla ya mkutano wa mwezi huo, watu wanne wanaweza kukaa kwenye ukingo asubuhi, watoto wakienda shule, na daftari: wangapi wamevuka, wapi, magari mangapi yamepita, mahali gani mtoto amerudi nyuma mara mbili kabla ya kupata nafasi. Mwingine afunge kamba ya mita 50 kando ya barabara na kuhesabu sekunde kwa simu. Gari linaloimaliza kwa sekunde 6 liko kwenye kilomita 30, linaloimaliza kwa sekunde 3 liko kwenye 60.

Saa tano jua limepanda, makarai yamefunikwa chini, watu wamekaa kivulini. Kiongozi anauliza kama kuna jambo jingine. Mwenye daftari anasimama.